Mkeo na Kaka Yako Wajuane Kabla ya Msiba

Hotuba kwa Watanzania wanaoishi ng'ambo na ndugu zao, iliyotolewa Kijitonyama, Dar es Salaam, mwishoni mwa Desemba

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wetu mliokaa mstari wa mbele. Mliokuja likizo kutoka Uingereza, Marekani, Ujerumani, Oman na kwingineko, karibuni nyumbani. Na ninyi ndugu zao mliofuatana nao, ahsanteni kwa kuja, maana nusu ya maneno yangu ni yenu.

Nimeombwa nizungumze habari za wosia na mirathi kwa mtu anayeishi nje. Najua yupo mzee hapa anayesema moyoni kwamba huu ni uchuro, sikukuu haijapoa tunaanza kutajiana vifo. Mzee wangu, nakuelewa. Lakini Waislamu wamefundishwa na Mtume kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili wasia wake haujaandikwa, na Wakristo wanamkumbuka Mfalme Hezekia, aliyeambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake. Dini zetu zimelitaja jambo hili bila kuona haya. Basi na sisi tulitaje mchana kweupe, tukiwa wazima.

Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa ni mirathi. Siku nyingi utanikuta Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, pale Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu zilipowekwa pamoja ili watu wa ndoa na mirathi wasizungushwe. Nimekaa kwenye mabenchi yale na familia nyingi. Za watu walioishi ng'ambo nazitambua kabla hazijasema neno. Huku amekaa mjane, kaja na ndege, ana siku chache za ruhusa kazini, na pembeni yake mtoto anayejibu kwa Kiingereza akisalimiwa. Kule amekaa kaka wa marehemu na bahasha ya kaki mapajani. Hawatazamani. Mjane anaamini shemeji yake amekula pesa za ujenzi. Shemeji anaamini mwanamke huyu, waliyeonana naye mara ya kwanza msibani, anataka kuuza jasho la familia arudi zake Ulaya. Mara nyingi hakuna mwizi kati yao. Aliyejua nani alitumiwa nini, kwa kazi gani na kwa makubaliano yapi, amelala makaburini Kinondoni na hakuacha hata ukurasa mmoja.

Mtu wa ng'ambo ana watu wa pande mbili, na kila upande una nusu ya habari zake. Ninalowaomba leo ni moja: pande hizo zikutanishwe na wewe mwenyewe, ukiwa hai, kwa maneno na kwa maandishi.

Niwafungulie bahasha moja ya namna hiyo. Mtaa nimeubadilisha na majina sitaji. Ndani mlikuwa na hati ya mauziano ya kiwanja, imeandikwa kwa kalamu, muhuri wa serikali ya mtaa umefifia, na jina la mnunuzi ni la kaka mtu. Chini yake kulikuwa na stakabadhi za saruji, nondo na mbao za kupaulia. Mjane naye alitoa mfuko wake wa plastiki: risiti za kutuma pesa za miaka mingi, zile karatasi laini za mashine. Nyingi zilikuwa nyeupe. Maandishi yalikuwa yamefutika yenyewe kwa joto na muda. Kwa hiyo tulikuwa na nyumba nzima yenye vigae na uzio, hela yote imetoka kwa marehemu, jina ni la kaka, na ushahidi wa hela umegeuka karatasi tupu.

Kaka yule hakudai kwamba nyumba ni yake, na Mungu ambariki. Lakini angeweza. Na kuna jambo watu hawalifikirii kabisa: je, kama kaka angetangulia yeye? Wanawe wangefungua mirathi, nyumba ingeorodheshwa kuwa mali ya baba yao, na kwa karatasi zilizopo wangekuwa na pa kusimamia. Kiwanja chako kikiwa kwa jina la ndugu, usalama wako unategemea uhai wa watu wawili. Kama unaweza, badilisha jina. Kama kwa sasa haiwezekani, andikeni tamko mbele ya wakili, lisainiwe na wote wawili, liseme kiwanja kipi, pesa ya nani, na ndugu amekishika kwa niaba ya nani. Kila upande ubaki na nakala. Risiti za mashine zipigeni picha au mzitoe fotokopi leo leo. Ndugu mwema hakasiriki kwa hilo, maana karatasi hiyo inamkinga na yeye siku akiitwa mwizi.

Wengine wananiambia, "Wakili, mimi niko salama, nimempa mdogo wangu hati ya uwakilishi, imegongwa muhuri ubalozini." Ni hati nzuri ukiwa hai. Kwa sheria yetu ya mikataba, mamlaka ya wakala hukoma pale aliyempa mamlaka anapofariki. Siku hiyo mdogo wako hana tena nguvu ya kuuza, kukodisha wala kusaini chochote kwa jina lako. Wapo wanaoendelea kuitumia kwa kutojua, wanapokea kodi na hata kuuza, na mauzo hayo yanakuja kuisumbua familia miaka mingi baadaye. Baada ya kifo, mwenye nguvu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, basi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi kuliko yote, nalo ni hali ya mjane pasipokuwa na wosia.

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya kugawa mirathi. Chukueni nyumba moja, tuseme iko Mbezi, na mume amefariki akiacha mke na watoto. Ikitumika sheria ya Kiislamu, mke anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Ikitumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo hadi leo mahakama zetu zinaitumia kwa wengi wasio Waislamu walioachana na maisha ya kimila, mke anapata theluthi na watoto theluthi mbili. Ikitumika sheria ya mila iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake, inasema sheria hiyo, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisikiliza malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa urithi kwa kanuni hizo, ikaona haki zao zimevunjwa na nchi ikatakiwa irekebishe. Mjane anayekaa mbele yangu leo hawezi kungoja marekebisho.

Ni sheria ipi kati ya hizo itamfuata marehemu? Mahakama inaangalia mtindo wake wa maisha na nia yake. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, Mahakama Kuu ilimtazama marehemu, Mngoni kwa asili, jinsi alivyoishi mbali na mila za kwao, ikaamua kwamba sheria ya mila haimhusu. Sasa fikirieni mtu aliyeishi Manchester miaka mingi, anayekwenda kanisani kila Jumapili, na kila Desemba anarudi kijijini kuchinja mbuzi na ukoo. Alikuwa mtu wa mila au siyo? Ukiliacha swali hilo bila kulijibu, litajibiwa na watu wanaobishana, kila mmoja na shahidi wake. Ukiandika wosia na kueleza unavyoishi na sheria unayoitaka, umemwachia hakimu maneno yako mwenyewe.

Na wosia una nguvu. Wanasheria hapa wote tumesoma shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaiuza, na jamaa wa ukoo akamshitaki, kwa kuwa mila za Kihaya hazikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alisema ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya Katiba. Jaji anakumbukwa kwa haki, na anastahili. Mimi kila nikilisoma namkumbuka pia yule mzee, aliyemwandikia binti yake.

Namna ya kuandika haina ugumu wa kutisha. Kwa sheria ya mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika anataka wanne. Wosia wa mdomo nao unataka wanne. Mwislamu anausia theluthi tu ya mali, na hamuusii mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Kilichobaki kinagawiwa kwa mafungu yake. Popote uandikapo, usimfanye shahidi mtu unayemwachia kitu. England, shahidi wa namna hiyo anapoteza alichoachiwa, na hata akiwa mke au mume wa shahidi ndiye aliyeachiwa, kinapotea vilevile. Hapa Dar es Salaam RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika wosia na kuuhifadhi. Wenye mali Zanzibar wafuate taratibu za huko, ambako mali za Waislamu hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Hapa nawaomba mtege sikio vizuri, maana kuna shimo ambalo watu makini ndio wanaotumbukia. Mtu ameandika wosia RITA kwa ajili ya nyumba na viwanja vya huku. Baada ya miaka anakwenda kwa wakili wa huko anakoishi, anaandika wa pili kwa ajili ya nyumba na akiba za huko. Wakili wa huko, kwa desturi ya kazi yake, anaanza na sentensi ya kufuta wosia wowote ulioandikwa kabla. Kwa sentensi hiyo moja wosia wa RITA umekufa, na mwenyewe anarudi nyumbani akijua ana nyaraka mbili salama. Kama utaandika katika nchi mbili, kila wosia useme wazi kwamba unahusu mali za nchi ile tu na haugusi mwingine. Mwambieni wakili wa kila upande kwamba upo mwingine. Na mlio England mkumbuke kwamba kufunga ndoa kunafuta wosia ulioandikwa kabla, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyohiyo. Wangapi hapa mliandika mkiwa na mwenzi mmoja, mkaja kuoa mwingine?

Mlioko Ulaya bara mna nafasi nzuri ambayo wengi hamjaitumia. Tangu tarehe 17 Agosti 2015, katika nchi za Umoja wa Ulaya, ukiacha Denmark na Ireland, mirathi ya mtu hufuata sheria ya nchi alikokuwa anaishi, ila yeye mwenyewe anaruhusiwa kuchagua kwenye wosia sheria ya nchi ya uraia wake. Mtanzania wa Berlin akikaa kimya, nchi ile itaongozwa na sheria ya Ujerumani. Akichagua ya Tanzania, awe amefikiri vizuri kwanza, kwa sababu mmesikia nilivyozieleza zetu. Na Ujerumani, ukiandika mwenyewe bila mwanasheria wa kuthibitisha nyaraka, wosia wote uwe kwa mwandiko wa mkono wako tangu neno la kwanza hadi sahihi. Ukichapa kwa kompyuta ukasaini chini, hautoshi.

Mlioko Marekani, angalieni fomu. Akiba ya uzeeni ya kazini na bima ya maisha kwa kawaida huenda kwa mtu aliyetajwa kwenye fomu ya kampuni, hata wosia ukisema vingine. Kijana anajiunga na kazi, anaandika jina la mama yake au la mchumba wa wakati ule, miaka inapita, ana mke na watoto watatu, na fomu iko vilevile. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kwa Uingereza kuna la kodi. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025, aliyekaa kule miaka 10 kati ya 20 iliyopita anahesabiwa mkazi wa muda mrefu, na kodi ya urithi inaweza kugusa mali zake za dunia nzima, nyumba ya Kigamboni ikiwamo. Kiwango ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, na ipo misamaha, hasa kwa kinachokwenda kwa mume au mke. Wengi hapa hamtafika huko, lakini mwenye nyumba London na fremu Kariakoo apige hesabu mapema.

Suala la uraia linawagusa wengi zaidi. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sasa umejenga Bunju kwa ajili ya mwanao aliyezaliwa Houston na mwenye pasipoti ya Marekani. Je, ataweza kuandikishwa kwenye hati? Sheria za uhamiaji na ardhi zimerekebishwa kuleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ni hatua njema, ila hadhi hiyo inaombwa na ina masharti, haiji yenyewe kwa sababu babu yako alikuwa Mtanzania. Kwa hiyo wosia useme pia la kufanya kama mrithi hawezi kushika ardhi: iuzwe agawiwe fedha, au apewe mrithi mwingine na yeye afidiwe kwa mali nyingine.

Mteueni msimamizi kwa kazi aliyonayo mbele yake, si kwa umri wake kwenye ukoo. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Harithi kwa sababu ya cheo hicho. Mahakama ya Mwanzo inamtaka alete orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Mahakama Kuu inampa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mjane aliyeko Birmingham, na kama ni Mwislamu yumo kwenye eda ya miezi minne na siku kumi, hawezi kupanda na kushuka ngazi za mahakama ya Dar. Shemeji wa Tabata naye benki ya Birmingham haitamsikiliza. Wekeni mmoja huku na mmoja kule, na wawe na namba za simu za kila mmoja. Hati ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola inaweza kuletwa Mahakama Kuu hapa ikatiwa muhuri upya. Ya Marekani haina njia hiyo, kwa hiyo mjipange kuanza upya huku.

Kuhusu kuzikwa nitasema machache, kwa kuwa linachoma. Tumezoea kuchangishana mwili urudi, na ni heshima kubwa. Lakini uchungu niliouona ni wa familia kusubiri Dar es Salaam huku turubai limeshafungwa, na kule wanakuta mke na jamaa wa msikitini wameshazika kesho yake asubuhi kama dini inavyoelekeza. Wote walifanya lililo sawa kwa walivyojua. England, maneno yako ya wosia kuhusu mahali pa kuzikwa hayamfungi msimamizi kisheria, kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Mwambie mama yako kwa sauti yako. Mwambie mkeo mbele ya mama yako.

Na watoto wadogo. Kama mko wawili tu kwenye mji wa ugenini na mkaondoka pamoja, nani atawalea? Mtajeni mlezi kwenye wosia, mkubaliane naye kwanza, na bibi na babu huku waambiwe sababu. Wasije kusikia kwa barua ya mwanasheria kwamba wajukuu wamepewa rafiki yenu, wakati mlikuwa na sababu nzuri kabisa ya shule na lugha.

Nawaomba kabla hamjapanda ndege kurudi, mkae kikao kimoja. Mwenye mali, mwenzi wake hata kama ni kwa simu ya video, na yule ndugu anayewashikia mambo huku. Wekeni mezani orodha: viwanja na karatasi zake zilipo, akaunti, hisa, NSSF, mkopo, deni la mtu, na fedha mliyopewa na ndugu mkasahau kuiandika. Wosia wenyewe si lazima usomwe. Inatosha wajue upo, uko wapi, na nani ameteuliwa. Mwanzoni mtaona aibu, mtu atanyamaza, pengine wifi atalia. Endeleeni.

Wenye hati za mauziano mlizokuja nazo, njooni upande huu wa dirishani, mwenzangu atazipitia moja moja na hatozi kitu leo. Maswali yaanze. Mama mwenye kitenge cha bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja hadhi maalumu. Karibu kipaza sauti.